Fimbo Katika Mikono ya Wagusii

Fimbo ni kipande cha mti kilichonyooka ambacho huuongezea mkono urefu. Huufikisha pale usipofika wenyewe: mgongoni mwa ng'ombe anayetangulia, chini ya tope la njia, juu ya michai, au mbele ya umati unaotakiwa kunyamaza. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, kusini-magharibi mwa Kenya, kazi hizo zote zimo katika maisha ya kila siku, na baadhi yake zimeandikiwa sheria, historia na hata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Zikitazamwa kwa pamoja, jambo moja hujitokeza: mti wenyewe hauna uzito mkubwa. Uzito wa fimbo hutoka kwa anayeishika na kwa masharti aliyowekewa.

Gusii, yaani kaunti hizo mbili, ni nchi ya vilima na mabonde. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mwaka hupita milimita 1,500 katika sehemu nyingi. Udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza, na vijia vinavyoshuka kutoka bomani hadi mtoni havimsamehe mtu aliyebeba mzigo. Ndiyo maana hata kijana mwenye magoti mazima hukata kijiti cha kujishikilia msimu wa masika. Miti ya kukatia ipo tele: mikaratusi, miwati, na mibuni mikuukuu iliyong'olewa shambani, ambayo hutoa fimbo nzito na ngumu. Fimbo nzuri hukatwa ikiwa mbichi, hubanduliwa gome, hupitishwa juu ya moto ili palipopinda panyooshwe, kisha huachwa kivulini ikauke polepole, kwa kuwa jua kali huipasua. Mawe ya Tabaka, yaliyowapa wachongaji wa Gusii jina duniani, hayafai kazi hii. Ni laini kuchonga, lakini yakifanywa membamba na marefu huvunjika.

Matumizi ya zamani zaidi ni ya malishoni. Kabla ya utawala wa Waingereza kutia mizizi, vijana wa Kigusii ambao hawajaoa walikaa katika kambi za mifugo zilizoitwa ebisarate, wakilinda ng'ombe dhidi ya wavamizi. Huko walijifunza uchungaji na vita kwa pamoja. Waingereza walizivunja kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910, muda mfupi baada ya mapigano ya 1905 na 1908, kwa kuwa waliziona kama maskani ya vijana wenye silaha. Kilichoanzishwa na serikali kikamalizwa na ufinyu wa ardhi. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii pekee ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mengine hayafikii ekari moja. Ng'ombe hulishwa nyasi za nepia zizini au hufungwa kamba kando ya barabara, na fimbo ya mchungaji imebakiwa na safari fupi za kwenda mtoni na sokoni.

Dume naye amepungua, kwani kumlisha fahali mmoja ni gharama isiyo na maziwa. Mahali pake pamechukuliwa na fimbo ya aina nyingine: mrija mrefu mwembamba wa chuma wa mtaalamu wa uhimilishaji. Mbegu za dume huhifadhiwa katika vijirija vidogo ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Mtaalamu hukitoa kijirija kimoja, hukiyeyusha katika maji ya uvuguvugu, hukitia kwenye ule mrija wa chuma, kisha huupitisha hadi kwenye mlango wa mfuko wa uzazi wa ng'ombe huku mkono wake mwingine ukiuongoza kutoka ndani ya utumbo. Mfugaji ana wajibu wake pia: ng'ombe aliyeonekana kutaka dume asubuhi hupandishwa jioni, na wa jioni hupandishwa asubuhi ya siku ifuatayo. Akichelewa kupiga simu, itambidi angoje takriban siku 21 nyingine. Kituo cha kitaifa cha kuzalisha mbegu hizo kiko Kabete, na kilianza kazi mwaka wa 1946.

Hata hivyo, kuna fimbo inayotumika sana Gusii kwa sasa ambayo haijulikani sana nje ya mashamba ya chai. Ni ufito ulionyooka, mwepesi, wenye urefu wa mkono mmoja au zaidi, ambao mchumaji huulaza juu ya safu ya michai kabla ya kuanza kuchuma. Michai ikitunzwa vizuri huwa tambarare juu kama meza, na wakulima huita sehemu hiyo meza. Ufito ukilazwa juu yake, vichipukizi vilivyokomaa huchomoza kupita ufito, na hivyo ndivyo vinavyochumwa: majani mawili na ncha. Kilicho chini ya ufito huachwa. Mchumaji akimaliza sehemu moja huusogeza mbele na kuanza tena, na mwenye uzoefu hufanya hivyo kwa haraka kiasi kwamba mgeni anaweza asitambue kuwa kuna kipimo kinachotumika.

Kuna sababu ya kuhangaikia usawa huo. Chipukizi hukua kwa mwanga, na meza iliyo sawa huvipa vichipukizi vyote mwanga kwa kiwango kimoja, hivyo vinakomaa karibu wakati mmoja na mchumaji anaweza kurudi shambani baada ya siku saba hadi kumi na nne akute mazao mapya. Meza ikipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, palipoinuka hukomaa mapema na majani yake kuwa magumu, nako kulikobonyea hubaki kivulini. Kuchuma chini ya kipimo ni kosa baya zaidi. Majani ya chini ndiyo yanayoulisha mti, na mti ulionyang'anywa majani hayo hudhoofika kwa miezi. Ufito hutumika pia baada ya kupogoa, kazi inayofanywa kila baada ya miaka mitatu au minne. Matawi mapya yanapoinuka, mkulima hupima urefu uliowekwa juu ya mkato na kukata ncha zote katika kimo kimoja. Meza itakayochumwa kwa miaka inayofuata huanzia hapo.

Halmashauri ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka wa 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka wa 2000. Majani ya Gusii huingia katika viwanda inavyosimamia kama Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi na Tombe upande wa Nyamira, na Kiamokama na Nyamache upande wa Kisii. Kabla ya hapo hupitia kituo cha kununulia, ambako karani huyakagua na kukataa yaliyo magumu. Kwa hiyo mkulima ambaye wachumaji wake hupuuza ufito huliona kosa lake siku hiyohiyo, linaporudishwa nyumbani likiwa ndani ya kikapu. Wachumaji wengi ni wanawake, na hii huenda ndiyo fimbo pekee ya Gusii ambayo kwa desturi imekuwa mkononi mwa mwanamke zaidi kuliko mwanamume. Haisifiwi na mtu. Lakini ada za shule na mabati ya nyumba nyingi vimetokana nayo.

Kahawa ina fimbo yake pia. Gusii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda mibuni ya Arabika, katika miaka ya 1930, pamoja na Meru na Embu. Ugonjwa wa kuoza kwa buni ulipoenea, mkulima alijitwika pampu ya dawa mgongoni na kushika mkononi bomba jembamba refu lenye tundu dogo mwishoni. Bomba hilo huifikisha dawa ndani ya matawi na kumweka mnyunyizaji mbali na ukungu wake. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka wa 1985, huustahimili ugonjwa huo, na imepunguza kazi hiyo kwa waliomudu kuipanda. Pampu zenyewe hazikuachwa. Hutumika sasa kuwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe.

Kutoka shambani, fimbo huingia barazani. Mzee wa Kigusii mwenye fimbo hakuishika kwa sababu ya miguu tu. Koo zilikuwa na mabaraza ya wazee ya kuamua kesi za mifugo, mahari na mipaka, nayo fimbo ilikuwa sehemu ya sura ya mzee anayesikilizwa, pamoja na kigoda chake na mvi zake. Utawala wa kikoloni ulipowateua machifu, uliwapa sare na mamlaka mapya yasiyotokana na ukoo, na kwapani ukawawekea kifimbo kifupi cha kijeshi. Kifimbo hicho hakimtegemezi mtu, hakimswagi ng'ombe, na ni kifupi mno kupima chochote. Kazi yake ni kuonekana. Maafisa wa utawala wa serikali ya kitaifa bado hukibeba kwenye sherehe za kitaifa katika uwanja wa Gusii, kofia ya juani ikiwa kichwani, na hakuna anayeuliza ni cha nini. Rais Daniel arap Moi aliifikisha desturi hii kileleni: rungu lake la fedha na pembe lilitokea katika karibu kila picha, watu wakaliita fimbo ya Nyayo, kwa kaulimbiu yake, na neno hilo likatosha kumtia mtu hofu ya kufukuzwa katika chama tawala.

Tangu mwaka wa 2013 kila kaunti ina fimbo rasmi ya aina yake. Ni siwa, rungu la bunge la kaunti, ambalo mpambe hulibeba begani akimtangulia spika kuingia ukumbini. Wawakilishi wa wadi 45 za Kisii na wadi 20 za Nyamira hawawezi kujadili mswada kama siwa haiko mahali pake. Ikilazwa juu ya meza, bunge limeketi. Ikishushwa kwenye kishikio cha chini, nyumba imegeuka kuwa kamati. Desturi hiyo ilitoka bunge la Uingereza, ambako rungu hilo liliwahi kuwa silaha halisi ya walinzi wa mfalme. Ndiyo sababu mizozo ya mabunge ya kaunti nchini Kenya huishia mara nyingi katika kuvutana siwa: upande usio na kura za kutosha hujaribu kukinyakua kitu ambacho bila hicho wenye kura hawawezi kuzipiga.

Makanisani hali si moja. Jimbo Katoliki la Kisii lilianzishwa mwaka wa 1960, na askofu wake wa kwanza, Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa kardinali wa kwanza wa Kenya, alishika bakora ya kichungaji yenye kichwa kilichopinda mfano wa ile ya mchunga kondoo. Waadventista wa Sabato, ambao wametia mizizi mirefu Gusii tangu misheni ya Nyanchwa ya mwaka wa 1912, hawana maaskofu, hivyo hawana bakora ya namna hiyo. Mchungaji wao husimama mbele ya waumini na Biblia tu.

Fimbo iliyozua mabishano mengi zaidi ni ya shuleni. Sheria ya Kenya iliiruhusu kwa muda mrefu, lakini kwa masharti ambayo wanafunzi wengi wa zama hizo wangeshangaa kuyasikia. Kanuni za nidhamu za mwaka wa 1972 zilimpa mwalimu mkuu ruhusa ya kuchapa baada ya uchunguzi, mbele ya shahidi, na si mbele ya wanafunzi wengine. Viboko havikutakiwa kuzidi sita; wavulana walichapwa matakoni na wasichana kiganjani, kisha adhabu ikaandikwa katika daftari. Kilichotendeka madarasani kilikuwa kingine. Kila mwalimu alikuwa na kiboko chake, wanafunzi walitumwa kwenda kukata vya kutumiwa dhidi yao, na jibu lisilo sahihi la hesabu lilihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

Mwaka wa 2001 waziri wa elimu wa wakati huo, Kalonzo Musyoka, alizifuta kanuni hizo, na Sheria ya Watoto ya mwaka huohuo ikaongeza ulinzi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, inakataza mtu yeyote kupewa adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka bei ya kosa: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Pamoja na hayo, kiboko hakijatoka shuleni. Wazazi wengi wa Gusii, eneo ambalo mtihani wa kitaifa hutazamwa kama mlango pekee wa kutoka katika shamba lisilogawanyika tena, humwambia mwalimu waziwazi kwamba wamempa mtoto pamoja na ngozi yake. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 60 hukiona kiboko kuwa msaidizi wa haraka. Hoja hiyo ya haraka ina ukweli wake, lakini haraka ni yote inayotolewa. Mtoto aliyechapwa hunyamaza mara moja, ila hesabu iliyomshinda bado imemshinda, na sasa anaogopa kuiuliza.

Kuna kijiti kingine kilichotoka katika viwanja vya shule za Gusii, nacho kilifika mbali zaidi. Ni kile cha mbio za kupokezana. Kwa kanuni za riadha, kijiti hicho ni mrija laini wa mviringo, wa kipande kimoja, wenye urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito usiopungua gramu 50. Lazima kishikwe mkononi, na katika mbio za mita 400 kwa wakimbiaji wanne kibadilishane mikono ndani ya eneo la mita 20. Kikidondoka, aliyekidondosha ndiye anayekiokota. Muda wa timu huhesabiwa hadi mkimbiaji wa mwisho anapovuka mstari akiwa nacho.

Gusii ilikuwa tayari imeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, pale Naftali Temu aliposhinda mita 10,000 mjini Mexico City mwaka wa 1968. Katika michezo hiyohiyo Hezahiah Nyamau na Charles Asati walikuwa ndani ya timu ya kupokezana iliyopata fedha nyuma ya Marekani. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Asati alishinda mita 400 na Robert Ouko akashinda mita 800, kisha wote wawili, pamoja na Nyamau na Julius Sang, wakashinda mbio za kupokezana.

Wanne haohao ndio walioingia fainali mjini Munich tarehe 10 Septemba 1972. Wamarekani hawakuwapo. Wawili wa mita 400, Vince Matthews na Wayne Collett, walikuwa wamefungiwa kwa namna walivyosimama jukwaani wakati wa wimbo wa taifa lao, na John Smith alikuwa ameumia, hivyo timu ikakosa watu. Kutokuwapo kwao hutajwa kila mbio hizo zinaposimuliwa, kana kwamba dhahabu iliokotwa. Zilikuwa mbio ngumu. Asati alianza, akampa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, na Ouko, aliyesoma na kufanya mazoezi pamoja na Sang katika chuo kimoja huko North Carolina, akamkabidhi mwenzake kijiti wakiwa nyuma ya Ujerumani Magharibi. Mjerumani Karl Honz alikimbia mwanzo kwa kasi iliyomchosha. Sang alimpita na kumaliza mzunguko wake chini ya sekunde 44. Kenya ilitumia dakika 2 na sekunde 59.83, Uingereza ikawa ya pili na Ufaransa ya tatu. Wakimbiaji watatu kati ya wanne walikuwa Wagusii. Sang alikuwa wa Nandi. Wakenya wameshinda mbio ndefu nyingi tangu hapo, lakini dhahabu nyingine ya Olimpiki katika kupokezana kijiti hawajaipata.

Fimbo za siku hizi nyingine zina betri. Walinzi wa maduka makubwa, benki na makanisa huwapitishia watu mwilini kifaa cha mkononi cha kutambua chuma, jambo lililoenea Kenya nzima hasa baada ya shambulizi la Westgate jijini Nairobi mnamo Septemba 2013. Ndani yake mna koili ya waya inayotoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Chuma kikikaribia, uga huo huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya chuma hicho, kifaa kikahisi tofauti na kulia. Hakitambui nia ya mtu wala baruti isiyo na chuma, na mlinzi anayekipunga mbali na mwili, kama inavyoonekana mara nyingi langoni, hakagui chochote. Mwaka huohuo wa 2013 mahakama moja ya London ilimfunga mfanyabiashara James McCormick miaka kumi kwa kuiuzia Iraq na nchi nyingine vijiti vya antena vilivyodaiwa kunusa mabomu. Ndani yake hamkuwa na kitu chochote kinachofanya kazi hiyo.

Fimbo nyeupe ya asiyeona haina betri; ni nyepesi na humwongoza mwenyewe kwa kugusa. Nchini Uingereza James Biggs wa Bristol, aliyepoteza uwezo wa kuona, alipaka yake rangi nyeupe mwaka wa 1921 ili madereva wamwone. Katika miaka ya 1940 Richard Hoover wa Marekani aliwafundisha askari waliopofuka vitani kuitembeza kushoto na kulia mbele yao, ncha ikigusa upande ulio kinyume na mguu unaopiga hatua, na njia hiyo ndiyo inayofundishwa hadi leo. Urefu wake hupimwa kwa mwenye kuitumia: ikisimamishwa wima hufika karibu na kifua chake. Siku yake ya kimataifa ni tarehe 15 Oktoba. Katika mji wa Kisii fimbo hiyo ina kazi ya ziada, kwa kuwa vijia vya waenda kwa miguu vimejaa bidhaa za wachuuzi, mitaro iko wazi na bodaboda hupita pande zote. Anayeitegemea vijijini, kwenye mteremko wenye tope, hulazimika mara nyingi kushika na fimbo ya pili, ngumu, ya kujizuia asiteleze.